Maji ya Moto Katika Kiwanda cha Barafu

Nahla alijibu kwa Kiswahili. Mamake akafurahi, akatoa simu amrekodi, na hakuna aliyeona ubaya ila nyanyake.

Mtoto huyu, tangu ajue kusema, Kiswahili kilikuwa kinamwingia masikioni na hakimtoki mdomoni. Ukimwambia njoo ule, anakuja. Ukimwambia vaa viatu, anavaa. Lakini jibu lake kwa kila jambo lilikuwa moja, "Okay, Bibi," na Bi Time alikuwa ameshajikubalia kwamba siku yake ikifika atazikwa na mjukuu anayemlilia kwa Kiingereza. Siku hiyo alitoka kwake, mji wa Laurel, kwa gari la kuita kwa simu, dereva Mhabeshi hakunyamaza njia nzima, akaingia kwa mwanawe Nadra na mfuko wa mahamri, akamkuta mtoto amekaa sakafuni katikati ya sebule. Akamuuliza kwa mazoea tu, bila kungoja kitu, "Nahla, wafanyani hapo chini?"

"Nambembeleza mwenzangu alale," mtoto akasema. "Waonaje hali, Bibi? Njia ilikuwa njema?"

"Mama, umeskia hiyo?" Nadra akasema. "Miaka mitano naongea peke yangu, leo imeclick."

"Nimesikia."

"Sasa mbona umenuna?"

Jibu alilokuwa nalo Bi Time lilikuwa la kuonea haya. Maneno yale yalikuwa yake. Hivyo ndivyo yeye anavyowauliza wageni, njia ilikuwa njema, na hivyo ndivyo anavyoliburura neno la mwisho. Akamshika mtoto mkono. Ulikuwa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu sasa hivi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini kabisa katika jengo lililokuwa kiwanda cha barafu, kando ya reli, upande wa kaskazini-mashariki mwa Washington. Riyadh, mume wa Nadra, anaendesha lori la safari ndefu na hulala barabarani zaidi kuliko kitandani. Aliiona nyumba kwenye simu akaipenda kwa madirisha yake. Nadra aliipenda kwa sakafu. Ilikuwa saruji ile ile ya zamani, imesuguliwa mpaka ikang'ara, na katikati ya sebule kulikuwa na tundu la kutolea maji, pana kama sinia ndogo, lenye mfuniko wa shaba wa matobo. Zamani barafu ikiyeyuka maji yalishukia hapo. Mafundi wangeweza kuliziba kwa ndoo moja ya saruji. Wakalisugua badala yake, wakasema ni pambo.

"Tundu la maji machafu mbele ya kochi," Bi Time alisema siku alipoletwa kuiona. "Na mkalisifu."

Leo hakusifu wala hakutukana. Alilitazama tu, akaona pembezoni mwa shaba pamelowa.

"Twende nikutembeze, mama," Nadra akasema. "Hujauona mtaa vizuri."

Wakatoka. Jua lilikuwa kali lakini halina joto, na theluji ya juzi imebaki kwenye pembe kama uchafu. Watu wa mji huu hawakipendi kiwanda mpaka kife, kikishakufa wanakiosha na kukivisha taa. Dohani ndefu ya matofali imeachwa imesimama, haitoi moshi. Ukumbi wa mashine umekuwa mkahawa, na ile mashine kubwa nyeusi bado imo katikati, watu wameweka vikombe juu yake. Makoleo ya chuma waliyobebea barafu yametundikwa ukutani, mdomo wazi. Katika bohari, vijana wamefungwa kamba kiunoni wanapanda ukuta.

"Wanapanda waende wapi?" Bi Time akauliza.

"Ni exercise, mama."

"Waliojenga ukuta huo walipanda bure kweli. Wangengoja hawa."

Nadra akacheka. Nahla hakucheka. Mtoto ambaye siku zote hutembea hatua kumi akaomba kubebwa, leo alitangulia mbele, mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba lake.

"Hapa palikuwa na mlango," akasema, akagusa ukuta wa matofali.

Hapakuwa na mlango. Lakini Bi Time alipotazama vyema aliona matofali ya pale ni ya rangi nyingine, na juu yake kuna tao, mlango mzima uliozibwa.

"Hapa farasi walikunywa maji," Nahla akasema mbele ya birika la chuma lililopandwa maua. Na mkahawani, mbele ya watu wanaokunywa kahawa, akaelekeza kidole chini ya mashine, akatabasamu. "Hapa walimvuta mtu mguu umebaki."

"Labda shule wamewafundisha," Nadra akasema, ila sasa alisema polepole.

Mwisho wa mtaa kuna vipande vya reli ya zamani vimeachwa ndani ya lami, na ng'ambo yake ndiyo barabara kubwa yenye duka la maziwa. Nahla akasimama. Vidole vya viatu vyake viligusa chuma, havikupita hata unywele.

"Vuka, twende," mamake akamwambia.

"Kwetu kunaishia hapa," mtoto akasema.

Bi Time akageuka, akawarudisha nyumbani kwa mwendo ambao magoti yake hayakuwa yameupenda siku nyingi.

Katika ujia wa jengo walimkuta Anysie, mwanamke wa Kirundi aliyekulia upande wa Kongo, ndiye anayedeki hapo. Alikuwa amejiegemeza kwenye mpini wa dekio, akimtazama Nahla na si kwa jicho la kupenda watoto.

"Yambo, mama mukubwa," akamwambia Bi Time kwa sauti ya chini. "Mutoto iko anasikia baridi?"

"Kwa nini wauliza?"

"Minafanya kazi hapa tangu walifungua. Mu ile nyumba ya chini watu wanaingia, wanatoka. Chauffage, ile ya kuleta joto, inafanya muzuri, minagusa na mukono yangu. Lakini chini iko baridi tu. Wale wa mbele yenu walikuwa na mbwa. Ile mbwa ilikuwa inalia juu ya ile tundu mpaka sauti ikaisha."

"Na wewe umenyamaza siku zote hizi?"

"Mama, miye niko wa kudeki. Nikisema kuko shetani, wataniambia nideki na huyo shetani."

Ndani palinuka. Si harufu ya uozo; ilikuwa kali, ya kupanda puani na kutoa machozi, kama dawa ya kulainishia nywele. Ndiyo harufu ya ile dawa waliyogandishia maji kwenye viwanda vya zamani, lakini mashine za kiwanda hiki zilikwisha kunyamaza kabla Nadra hajazaliwa. Na chini ya ukali ule kulikuwa na harufu nyingine, nyepesi, ya jikoni, ya maji yaliyochemshiwa tambi.

Nahla akaenda moja kwa moja akalala kifudifudi, sikio juu ya shaba. Bi Time akapiga magoti, mifupa ikalia, akaweka sikio lake upande wa pili. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha akasikia mbali, kama mwisho wa bomba refu sana, mtoto mchanga analia. Hakikuwa kilio cha njaa. Mwanamke aliyelea anazijua sauti hizi. Kilikuwa cha mtoto aliyeungua, anayevuta pumzi ikakwama, ikarudi, ikatoka tena imekatika.

"Nani huyo?" Bi Time akanong'ona.

"Mwenzangu. Ameungua mgongo."

"Kaunguzwa na nani?"

Nahla akainua macho. "Na mama."

Nadra alikuwa amesimama mlangoni na koti lake bado mwilini. Rangi ya uso ilimtoka.

"Njoo hapa," Bi Time akamwambia. "Nieleze, tena usinipambie."

"Ilikuwa Jumanne," Nadra akasema. Kazi yake ni kupokea simu za kampuni ya bima akiwa nyumbani, kifaa kichwani kutwa nzima. "Niko kwa call. Mteja ananifokea, Nahla ananivuta nguo analia, sinki limeziba, tambi zimeiva. Nilimmute yule mteja asinisikie, nikamwaga maji pale."

"Ya moto?"

"Yalikuwa yanachemka."

"Ukasema bismillahi?"

Nadra akatazama sakafu.

"We Nadra. Maji ya moto hayamwagwi chini bila kuwatahadharisha wenye chini yao. Nilikufundisha hujajua kujifunga mtandio."

"Mama, niko Amerika, namwaga maji ya tambi. Sikufikiria."

"Bismillahi hukusema. Na kunyamaza hukunyamaza, nakujua. Ulisema nini?"

"Nilisema kwa hasira tu. Nilisema..."

Hakumaliza. Nahla, bila kuinua kichwa kwenye shaba, alimmalizia kwa sauti ya Nadra mwenyewe, nzito, iliyochoka, na ile pumzi ya kukata tamaa mwishoni. "Nani atanichukulia huyu mtoto nipumue."

Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu yeyote aliyepata kuishi katika nyumba ile, akajiitikia mwenyewe:

"Mimi."

Bi Time hakungoja la pili. Alimnyanyua mtoto akamfunika kwa shuka la kochi akatoka naye mbio, Nadra nyuma yake akiita gari kwa simu, wakapita ujiani ambako Anysie alijibana ukutani kuwapisha, wakapita kwenye dohani na mkahawa na watu waliowatazama juu ya vikombe vyao kisha wakaangalia pembeni kwa adabu, na kila hatua mtoto alizidi kuwa mzito mikononi mwa bibi yake, mzito kama bonge la barafu linalobebwa na watu wawili, mpaka walipofika kwenye ile reli ndani ya lami na gari likaonekana ng'ambo taa zinawaka, na Bi Time akaunyanyua mguu wake wa kwanza akavuka, na hapo hapo kifua cha mtoto, kilichokuwa kimebanwa kwenye kifua chake, kikasimama.

Midomo ikawa ya samawati. Maji yakamtoka kinywani, masafi, baridi, yenye vipande vyembamba kama kioo. Bi Time akarudi nyuma hatua moja. Mtoto akavuta pumzi.

Akajaribu tena pembeni kidogo, maana hakuwa mtu wa kuamini jambo mara moja. Kifua kikasimama tena. Akarudi.

"Mama, basi," Nadra akasema. Alikuwa analia bila sauti. "Basi, utaniulia."

Dereva akangoja, akaona hakuna anayekuja, akaondoka.

Pale pale Bi Time akampigia Maalim Abdulsamad, Mzanzibari anayekaa mtaa wa Columbia Heights na kulinda maegesho ya magari mjini. Maalim akasikiliza, akasema ana zamu, lakini kusoma anaweza kusoma kwa simu.

"Kwa simu msomee mkeo," Bi Time akasema. "Panda treni uje."

Wakarudi ndani kumngoja, akaja angali amevaa fulana ya kazi yenye mistari inayong'aa, ubani na udi amebeba kwenye kopo la chakula. Alipokanyaga sakafu ile akasimama, akavua miwani, akaifuta ukungu. Akauliza kama kuna king'ora cha moshi. Kilikuwepo, darini, jicho jekundu linapepesa. Anysie, ambaye hakuna aliyemwita lakini alikuwa ameshaingia, akapanda kiti akakivisha kofia ya plastiki ya kuogea.

"Kama wananifukuza kazi," akasema, "nitasema ilikuwa mama mukubwa."

Maalim akawasha ubani. Moshi ukapanda, ukafika usawa wa kiuno, ukakataa kwenda juu. Ukalala, ukatambaa kuelekea kwenye tundu, ukanyonywa. Akasoma. Sauti yake ilikuwa nzuri na haikutetemeka, hilo apewe. Nahla aliwekwa kwenye mapaja ya nyanyake karibu na ile shaba, macho wazi, akisikiliza kama mtu anayesikiliza jirani.

"Toka," Maalim akasema. "Toka kwa mtoto huyu, uende zako."

"Niende zangu wapi?" Sauti ilitoka kinywani mwa Nahla, midomo haikufuatana nayo. Ilikuwa imeokota maneno huku na huku, neno la Nadra, neno la Riyadh, mburuzo wa Bi Time. "Nyinyi ndio mliokuja. Mimi nilikuwepo kabla ya chuma. Wakaleta barafu, nikakaa na barafu. Wakaondoka, nikakaa. Wamekuja hawa, wamemmwagia moto mwanangu usingizini."

"Hawakukuona."

"Mliambiwa mseme. Nimemsikia bibi kwenye simu akimwambia, sema bismillahi. Kila siku namsikia. Mwanangu hana ngozi mgongoni. Huyu anayo."

Bi Time akamfunua mtoto fulana. Mgongo wake mdogo ulikuwa mwekundu kutoka bega hadi bega, na wekundu ulikuwa unashuka huku wanautazama, polepole, kama maji yanavyoshuka ukutani, na nyuma yake ngozi ikianza kuinuka malengelenge.

Maalim akapandisha sauti, akasoma upya, akaapiza, akanyunyiza maji aliyoyasomea, na kila tone likagonga sakafu likiwa limeganda, likaviringika. Wekundu ukafika mbavuni.

"Maalim, pumzika," Bi Time akasema. "Unamfukuza mwenye nyumba nyumbani kwake." Akamgeukia bintiye. "Nadra. Ulipomwagia chai mtoto wa jirani yetu Bi Ruzuna ukiwa mdogo, nilikufanya nini?"

"Ulinichapa."

"Baada ya hapo."

Nadra akafikiri, meno yanagongana. "Ulinipeleka kwao. Na asali. Ukaniambia niombe radhi mlangoni, mwenyewe, bila wewe kunisemea."

"Mlango ule pale."

Nadra akachukua chupa ya asali jikoni, akapiga magoti mbele ya tundu. "Bismillahi," akasema. "Naomba radhi. Sikukusudia. Na yale maneno sikuyamaanisha, mimi nampenda mwanangu."

Maji yakapanda kwenye matobo ya shaba, yakamlowesha magoti. Yalikuwa baridi ya kuuma.

"Mwongo," sauti ikasema, na Nahla akapiga ukelele wake wa kwanza siku hiyo, wa maumivu, wa kwake mwenyewe.

"Mama, nisemeje?" Nadra akanong'ona. "Nisemeje?"

"Sema kweli. Hapa hakuna mgeni wa kumstahi."

Maji yalikuwa yanaenea. Anysie alikuwa ameshika msalaba wake shingoni, Maalim tasbihi, na hakuna aliyemtazama Nadra usoni, kwa sababu kuna mambo mtu akiyasema unamwachia nafasi.

"Niliyamaanisha," Nadra akasema. "Kwa muda ule. Angekuja mtu yeyote mlangoni ningempa, ningefunga mlango nikalala. Nilikuwa nimechoka. Bado nimechoka. Lakini sasa simtoi. Wako nimemuunguza, kosa ni langu, si lake huyu. Nisamehe. Wangu nirudishie, nitachoka naye hivyo hivyo."

Akatia kidole kwenye asali, akakipitisha kwenye tobo la shaba, akakipaka kitu ambacho wengine hawakukiona. Alikuwa anapaka kwa upole, kwenda na kurudi, kama mtu anayepaka mgongo. Mara kilichokuwa chini kikajisogeza kuuegemea mkono wake. Hakuuondoa. Kile kilio cha mbali kikakatika, kikawa kwikwi, kikawa pumzi. Kisha hakuna.

Maji yakashuka. Moshi uliolala sakafuni ukainuka wote kwa pamoja hadi darini. Nahla akakohoa, akatema kipande cha barafu kwenye kiganja cha nyanyake, akatazama watu wote wale waliomzunguka.

"I'm hungry," akasema. "Why is everybody wet?"

Bi Time hakuwahi kukipenda Kiingereza kama saa ile.

Waliondoka jua lingali juu ya dohani. Kwenye reli Bi Time aliweka kiganja kifuani mwa mtoto, akavuka, kifua kikapanda na kushuka, akaendelea kutembea. Riyadh alipoambiwa kwa simu akaanza habari za mkataba wa nyumba. Mama mkwe akamwambia aende akaumalizie yeye, peke yake, na alale sebuleni. Hakuna aliyesikia tena habari za mkataba.

Wakakaa Laurel kwa Bi Time, wakibanana. Mgongo wa Nahla ukapona, ukabaki na alama nyepesi kama ramani. Kiswahili kikampotea chote mdomoni. Aliambiwa njoo ule, akaja, okay, Bibi. Aliambiwa lete viatu, okay, Bibi. Nadra alipata kazi ya ofisini, na jioni akirudi alimkalisha mtoto mapajani hata akiwa hoi, akimsikiliza kwa macho yanayofumba.

Baridi ilikuwa imeanza kulegea siku Bi Time alipokuwa jikoni peke yake adhuhuri. Mtoto yuko shule, mamake kazini. Alikuwa amechemsha tambi za kuweka sukari na nazi, kwa sababu Nahla alizitaka na hakuna aliyetaka kumwambia kwa nini hazikupikwa muda mrefu. Akaishika sufuria kwa kitambaa, akaiinamisha juu ya sinki, akasema kama alivyosema maisha yake yote:

"Bismillahi. Jitengeni, maji ya moto haya."

Na kutoka ndani ya tundu la sinki, chini, karibu sana, sauti ndogo ya kitoto, yenye adabu, ikamjibu:

"Okay, Bibi."

Bi Time hakupiga kelele. Aliinua sufuria taratibu, akaiweka kando, akavuta kiti, akakaa akiitazama mpaka mvuke ulipokwisha na maji yakapoa kabisa. Ndipo akasimama akayamwaga, kidogo kidogo, kwa pembeni.